Ndugu Mafundi wa Bukavu, Pokeeni Simu

Barua ya wazi kwa waashi, maseremala, mafundi bomba na wote wanaoshika kazi za nyumba katika Ibanda, Kadutu na Bagira

Ndugu zangu mafundi,

Kati ya mwezi wa nne na mwezi wa sita mwaka huu niliwapigia simu mafundi saba. Namba zao nilipewa na watu ninaowaamini, kama mwalimu mwenzangu, mama mmoja wa kwaya yetu, kijana anayeuza misumari na mabati soko la Kadutu. Wawili hawakupokea kamwe. Mmoja alipokea, akasema, "Nakuya kesho asubuhi, mama," nikamngoja mpaka watoto wakarudi kutoka shule. Wa nne alifika, akautazama ukuta, akatikisa kichwa, akaahidi kuleta devi, ile karatasi ya hesabu ya kazi, jioni ile ile. Sijamwona tena. Wa tano alichukua pesa yangu. Wa sita alitaka nimtumie picha kwa WhatsApp; nilituma, alama mbili zikageuka buluu, yakaishia hapo. Wa saba ndiye aliyenijengea, na bila yeye nisingeandika barua hii, kwa maana ningedhani kwamba ninachokiomba hakiwezekani katika mji wetu.

Sitazungumza juu ya bei, wala juu ya simenti inayopunguzwa kwenye mchanganyiko. Hayo yana watu wake wa kuyasema. Langu ni moja tu. Mtu akikupigia, mjibu. Ukiiweza kazi, mwambie lini. Usipoiweza, mwambie huiwezi. Ukikwama katikati, mwambie umekwama.

Nyumba yangu imekaa kwenye mteremko, kama nyumba nyingi za mtaa wetu wa Cimpunda. Nyuma ya jiko kuna ukuta wa mawe unaonizidi kimo kidogo. Marehemu mume wangu aliujengesha ili udongo wa kiwanja cha juu usitushukie. Mwezi wa nne, mvua iliponyesha siku mbili mfululizo, niliamka nikakuta ukuta umetoa tumbo. Ndivyo nilivyowaeleza wote waliopokea simu: ukuta umetoa tumbo. Pale katikati mawe yalikuwa yamesogea mbele kiasi cha upana wa kiganja, na kwenye nyufa yalikuwa yakichuruzika maji mekundu, polepole, hata siku mbili baada ya mvua kukatika. Mwanangu wa mwisho alichomeka kijiti kwenye ufa, kikazama chote. Usiku huo nilihamisha vitanda vya watoto kutoka chumba cha nyuma, tukalala sote sebuleni. Tulilala hivyo kwa zaidi ya miezi miwili.

Nyinyi mnajua kuliko mimi ukuta wa namna hiyo unasema nini. Udongo wetu ni mfinyanzi. Ukishiba maji unavimba na kuwa mzito, na ukuta usioachiwa matundu ya kutolea maji unasukumwa mpaka uchoke. Wabelgiji, walipokuwa wakiuita mji huu Costermansville, walijijengea zaidi kwenye rasi zinazoingia ziwani, na watu wa kazi wakapangiwa Kadutu na Bagira. Leo tumepita milioni moja, na sisi tuliofuata tumepanda huko mlima ulikobaki. Tumekaa kwa ngazi, nyumba juu ya nyumba, na ukuta wa huyu ndio usalama wa yule aliye chini yake. Kule mtaa wa Funu ardhi yenyewe inasogea kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na wenye nyumba wanaziba ufa ule ule kila kiangazi.

Tena tuna kumbukumbu. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, saa tatu na nusu asubuhi, watu wakiwa ibadani, tetemeko la kipimo cha 5.9 liliupasua mji huu na kuua watu hapa kwetu na ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda. Juma lile kila mtu Bukavu alikuwa akitafuta mwashi. Na mwezi wa tano wa 2023, maji na mawe yaliposhuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, yalichukua zaidi ya watu 400 katika jioni moja. Wengi wetu tulizika ndugu. Mama anayekupigia simu mwezi wa nne, mvua zikiwa bado ziko juu yetu, akikwambia ukuta wake umetoa tumbo, ujue amekwisha kuhesabu watoto wake kabla hajabonyeza namba yako.

Nirudi kwa fundi wa tano. Simtaji jina, wala sitasema anakaa wapi, maana nimemsamehe na bado ninampenda kama mdogo wangu. Alikuja siku aliyosema, saa aliyosema, na mita yake mfukoni. Alipima urefu na kimo, akapanda mpaka kwa jirani wa juu kutazama maji yanatokea wapi. Akaniambia kazi yote, pamoja na kubomoa sehemu iliyovimba, ni dola 420 za mikono yake na za wasaidizi wawili, vifaa juu yangu. Akaomba avansi ya dola 150 ili asichukue kazi nyingine. Nilikuwa nazo. Zamu yangu ya likirimba, mchango wetu wa kupokezana, ilikuwa imefika mwezi ule, na tangu benki zilipofunga milango mwezi wa pili wa 2025 sisi wenye vijisenti tumejifunza kuviweka ndani ya nyumba au ndani ya simu. Nilimhesabia mkononi. Akasema: "Jumanne saa moja asubuhi, mama. Mchanga na mawe viwe vimefika."

Wanaoijua Cimpunda wanajua kwamba lori halifiki mlangoni. Linamwaga mzigo kando ya barabara, na kutoka pale mzigo unapanda kwa migongo ya akina mama. Jumanne ile walikuwa wanane. Walianza saa kumi na mbili asubuhi, mchanga ndani ya mifuko, kamba imekaza kwenye paji la uso, mikono nyuma ikishikilia uzito, miguu ikitafuta ngazi moja baada ya nyingine kwenye udongo unaoteleza. Mmoja wao, mkubwa wa umri, alikuwa akihesabu safari zake kwa vijiwe: kila akishusha mfuko anaweka kijiwe kimoja juu ya kidirisha cha jiko langu. Saa nne walikuwa wamemaliza. Niliwalipa, nikawapa chai. Yule mama mkubwa akaangalia ukuta, akaangalia lundo la mchanga lililokaa wazi, akaniuliza, "Fundi iko wapi?"

Nilikuwa nimeshampigia mara sita. Simu ilikuwa ikiita mpaka inakatika yenyewe. Saa sita nilipiga tena, haikupatikana kabisa. Saa nane mvua ikaja, zile mvua za mwisho za mwezi wa tano zinazokuja kwa hasira. Mimi na watoto tulitoka na mashuka, na turubai la kuazima, na mabeseni. Mchanga haukutungoja. Uliondoka kama uji, ukapita kwenye kinjia, ukaziba mfereji wa jirani wa chini, na maji ya mfereji yakaingia chumbani mwake. Mpaka saa kumi lundo lilikuwa limebaki robo. Vile vijiwe vya yule mama vilikuwa bado vimepangwa pale dirishani, kumi na vinne.

Ninawaomba, ndugu zangu, mzitazame hasara hizo. Kuna dola 150, ndiyo. Lakini kuna pia mchanga, na nauli ya lori, na jasho la wanawake wanane. Kuna ujirani wangu na mama wa chini, ambao ulikaa na ufa kwa muda. Na siku saba nyingine watoto walilala sebuleni kabla sijapata moyo wa kumtafuta fundi mwingine. Hivi vyote vingeokolewa na neno moja, lililosemwa Jumatatu usiku: "Mama, kesho sitafika." Ningeuacha mchanga kule barabarani kwa mwenye duka, chini ya turubai yake. Ningekasirika kidogo, kisha ningelala.

Majuma matatu baadaye nilikutana na fundi huyo uso kwa uso sokoni Nyawera. Aliniona kwanza, akataka kugeuka, kisha akasimama. Hakunikimbia, na kwa hilo ninamheshimu. Aliinamisha kichwa akaniambia, "Mama, nilisikia haya."

Tulisimama kando ya wauza mboga na akanieleza. Alikuwa na kazi nyingine, nyumba ya mtu aliyeko Ulaya, anayetuma pesa kidogo kidogo kupitia mdogo wake. Pesa ilikuwa imekatika. Wasaidizi wake wanne walikuwa hawajalipwa majuma mawili, na mmoja alikuwa na mtoto hospitalini. Avansi yangu ilipoingia mkononi aliwalipa wao, akitumaini kwamba ya Ulaya ingefika kabla ya Jumanne. Haikufika. Jumanne asubuhi alikuwa na mimi upande huu, yule mwenye nyumba upande ule, na mfukoni hana hata ya kununulia wasaidizi unga. Simu ilipoita akaliona jina langu, akaiacha iite. Ilipoita mara ya sita akaizima. "Kila ulipopiga ilikuwa ngumu zaidi kupokea," aliniambia.

Ninaamini kila neno lake. Na kwa miezi hii nimeuliza mafundi wengine, nimekaa nao kwenye vibanda vya chai, nimewasikiliza. Karibu kila mmoja ana hadithi kama hiyo. Fundi wa mji huu hana mshahara, hana mkopo, hana bima. Akimaliza nyumba moja bila kushika nyingine, watoto wake wanalala njaa juma linalofuata, kwa hiyo anakubali tatu, nne, tano kwa pamoja. Avansi ya nyumba ya pili inamalizia nyumba ya kwanza, avansi ya tatu inaanzisha ya pili. Mambo yanakwenda hivyo hadi mpaka wa Ruzizi ufungwe siku kadhaa, au simenti ya Bugarama ipande bei, au mteja mmoja akawie kulipa. Hapo mnyororo wote unakatika, na simu zote zinaanza kulia siku moja.

Basi mimi siwaoni kama waongo. Ninachokiona ni haya. Kwetu, kumwambia mama mtu mzima "hapana" kunahesabiwa utovu wa adabu, na tangu utotoni tunafundishwa kumpa mkubwa jibu la kumfurahisha. Ndiyo maana "nakuya" inatoka mdomoni kabla ya fundi kufikiri kama atakuja kweli. Anaisema kwa heshima. Lakini heshima hiyo inaniacha nimesimama uani na mchanga wangu, mvua ikija. Ninyi mnaotuita mama na baba, tupeni heshima nyingine: mtuambie kibaya mapema, sisi ni watu wazima, tutakibeba.

Sasa niwaeleze juu ya fundi wa saba. Namba yake nilipewa na mwashi mwingine, mzee aliyeacha kazi kwa ajili ya mgongo. Nilipiga mwanzoni mwa mwezi wa sita, hakupokea. Nikasema moyoni, huyu naye. Baada ya nusu saa simu yangu ikalia. "Nilikuwa juu ya ngazi, mama. Nani anaongea?" Nikamweleza ukuta wangu. Aliuliza maswali matatu: maji yanayotoka ni mekundu au meupe, juu ya ukuta kuna choo au shimo la maji machafu la jirani, na je, tumbo linaongezeka? Akanifundisha nipige msumari kwenye jiwe lililotokeza, mwingine kwenye ukuta wa jiko, nifunge uzi kati yao, niutazame kila asubuhi kama umelegea. Kisha akasema maneno ambayo sikuwa nimeyasikia kwa miezi miwili: "Siwezi kuja sasa. Nina kazi Nguba mpaka tarehe 20. Nitafika kwako tarehe 23, saa moja. Uzi ukilegea kabla ya hapo, unipigie hata usiku, na watoto wasilale upande ule."

Alininyima nilichotaka, na nililala vizuri usiku ule kuliko usiku wowote tangu mwezi wa nne. Nilijua nina siku ngapi za kungoja. Nilijua nitazame nini. Kulikuwa na mtu mmoja Bukavu aliyejua kwamba ukuta wangu upo.

Tarehe 23, saa moja kasoro, alikuwa mlangoni na kijana wake. Hakuanza na chepe. Aliomba ndoo ya maji, akapanda kwa jirani wa juu, akaimwaga taratibu, akashuka mbio kutazama maji yanachagua njia gani. Kisha akatoa mpira mrefu mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, akaujaza maji, akampa kijana ncha moja asimame mwisho wa ukuta, yeye akashika nyingine huku. Wakangoja maji yatulie. Pale maji yaliposimama kila upande, wakachora alama kwa mkaa. Mwanangu mkubwa, anayesoma fizikia, alisimama akashangaa: hilo alilosomeshwa ubaoni, watu wanajengea nyumba.

Alipomaliza aliomba daftari ya mmoja wa watoto, akaandika kwa mkono wake, mistari iliyonyooka: mawe kiasi gani, mifuko ya simenti mingapi, kokoto za kuweka nyuma ya ukuta ili maji yapate pa kupita, mabomba madogo ya kutolea maji na kila moja likae wapi, siku ngapi, pesa ngapi. Chini akagawa malipo mara nne. La kwanza, siku ya kubomoa. La pili, msingi ukifika kwenye udongo mgumu nami nimeuona kwa macho yangu. La tatu, ukuta ukifika kiunoni. La mwisho, baada ya ndoo kumi za maji kumwagwa juu na kutoka kwenye matundu. Alitia sahihi, nami nikatia yangu, mwalimu mwenzangu akawa shahidi. Bei yake ilizidi ya yule wa tano kwa dola 60. Nililipa kila senti kwa moyo mweupe.

Na kila jioni, ndugu zangu, kila jioni alituma ujumbe. Siku nyingine ulikuwa wa maneno manne: "Leo simenti haikupatikana." Siku moja aliandika kwamba kijana wake anaumwa malaria na kesho kazi itasimama. Kesho yake haikufanyika kazi, na mimi sikuwa na neno la kusema, kwa sababu nilikuwa najua. Ukuta ulichukua siku kumi na tisa badala ya kumi na nne. Kama ningekuwa sikuelezwa, zile siku tano zingeniua. Kwa kuwa nilielezwa, sikuziona.

Mwashi mmoja aliniambia, "Huyo ana bahati, ana wateja wazuri." Ana hoja, na hapa niwageukie wateja wenzangu, kwa sababu barua hii wataisoma nao. Tunamwita fundi, tunamtembeza mlima mzima kupima, kumbe tumekwisha kumpa mwingine kazi na tunatafuta bei ya kulinganisha, naye hatumwambii. Tunabadilisha mawazo msingi ukiwa umechimbwa, tunataka dirisha ambalo halikuwamo, na tunalihesabu ni bure. Kazi ikiisha tunazuia malipo ya mwisho juma baada ya juma, tunamwambia apitie Ijumaa, na Ijumaa tunawaagiza watoto waseme mama hayupo. Wenye ndugu Ubelgiji au Kanada tunapokea pesa ya nyumba, tunaila kidogo, kisha tunamwambia yule wa ng'ambo kwamba fundi ndiye mwizi. Sisi nasi hatupokei simu. Fundi wa tano aliacha kupokea yangu kwa sababu kulikuwa na mtu mahali fulani aliyeacha kupokea yake. Kwa hiyo ninayoyaomba kwenu nimeanza kuyatimiza: mafundi wote niliowaita na sikuwapa kazi, niliwapigia mmoja mmoja kuwaambia nimepata mwingine. Wawili kati yao hawakupokea, nikawaandikia.

Juu ya karatasi niseme kidogo, kwa kuwa wengi wenu mnaiogopa kama inamwita polisi. Sheria yetu ya mikataba ni ya tangu amri ya tarehe 30 Julai 1888, na kifungu chake cha 33 kinasema kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali yanakuwa sheria kwa waliopatana. Karatasi ya daftari yenye sahihi mbili inatosha kuwa mwanzo. Amri hiyo hiyo inambebesha mjenzi dhamana ya miaka kumi jengo likianguka kwa ubovu wa kazi, hata kwa ubovu wa udongo alioujengea juu yake. Najua hakuna mtu wa Cimpunda atakayekwenda mahakamani kwa ajili ya dola 150. Tunaishia kwa mkuu wa avenyu, tunasameheana. Lakini karatasi inawalinda ninyi kabla ya kunilinda mimi. Siku nitakapodai dirisha lisilokuwamo, utaifungua na kuniwekea kidole pale. Na ile habari ya kugawa malipo mara nne inakuondoa kwenye mnyororo niliousema: pesa yangu inakuja kidogo kidogo, kazi yangu inakwenda nayo, hakuna rundo la avansi la kukushawishi kuziba shimo la nyumba nyingine.

Ningependa walimu wenzangu wa ufundi nao wanisikie. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, inawafundisha vijana wetu uashi, bomba na umeme. Institut Technique Fundi Maendeleo imebeba neno fundi katika jina lake lenyewe. Kijana akitoka huko anajua timazi na pima maji. Mpeni pia saa chache za kuandika devi ambayo mama asiyejua Kifaransa ataielewa, na saa moja, moja tu, ya kujizoeza kusema kwa sauti mbele ya wenzake: "Mama, kazi hii siiwezi kabla ya mwezi ujao." Afanye mazoezi mpaka asisikie haya. Fundi wa saba aliniambia alifundishwa hivyo na baba yake, aliyekuwa akimpeleka yeye, mtoto wa miaka kumi na miwili, kwa miguu kutoka Kadutu mpaka Muhumba, kumwambia mwenye nyumba kwamba baba anaumwa leo. Simu hazikuwapo. Habari ilikuwa ikitembea kwa miguu ya mtoto, na ilikuwa ikifika.

Ninaandika mwezi wa tisa umeingia na mvua ya kwanza imekwisha kupiga mabati juzi usiku. Nilitoka na taa. Maji yalikuwa yakitoka kwenye matundu yote sita ya ukuta wangu, safi, na ule uzi ambao sijautoa ulikuwa umekaza. Watoto walikuwa wamelala chumba cha nyuma.

Lakini maji yangu yanashuka kwa mama wa chini, yule ambaye mchanga wangu ulimzibia mfereji. Ukuta wake ni wa zamani kuliko wangu. Tangu mwezi wa saba amenunua mifuko 11 ya simenti, mmoja mmoja, kwa pesa ya ndizi anazouza. Ameipanga chumbani anamolala, juu ya mbao ili isiguse sakafu, amefunika na shuka. Mnajua simenti haipendi kungoja. Ule mfuko wa chini nilipoubonyeza juzi ulianza kuwa mgumu pembeni. Amewapigia wawili wenu juma hili. Mmoja alisema "nakuya", mwingine hakupokea. Jina lake limo kwenye simu zenu, kwenye zile za kukosa. Mpigieni leo, hata kama ni kumwambia hamwezi, ili ajue aanze kumtafuta nani.

Wenu,

Mama mwalimu wa Cimpunda